Ganda, Utepe na Utando: Maumbile ya Virusi Vilivyopita Lilongwe

Kirusi ni maandishi yaliyofungwa ndani ya ganda. Maandishi hayo ni utepe wa asidi ya kiini, uwe wa RNA au wa DNA, na ganda ni protini nyingi ndogo zilizoshikamana. Baadhi ya virusi huvaa utando wa mafuta juu ya ganda, na kwenye utando huo huchomoza vijiti vya protini. Orodha ya viungo inaishia hapo. Kirusi hakina mdomo wala tumbo, hakina mahali pa kuchomea sukari kupata nguvu, wala hakina ribosomu, yaani vile viwanda vidogo ambavyo kila seli hai hutumia kutengenezea protini. Kikiwa mezani, kwenye kitasa cha mlango au ndani ya maji, hakili, hakikui, hakizaliani. Kikiingia katika seli inayokifaa, ganda hufunguka, utepe hutoka, na seli huanza kuusoma kana kwamba ni amri yake yenyewe. Umbo lote la kirusi linaeleweka kwa safari hiyo: kutoka seli moja hadi nyingine bila maandishi kuharibika, na kujua mlango wa kubisha.

Kiswahili kilipolipokea neno virusi kiliona ndani yake kiambishi cha wingi, kikajitengenezea umoja, kirusi, kama kitu na vitu. Neno limekaa vizuri. Lisilokaa vizuri ni lile la mitaani, wadudu au vijidudu, linalotumika kwa virusi, kwa bakteria na hata kwa vimelea vya malaria bila kubagua. Bakteria ni seli kamili: ana ukuta, ana ribosomu zake, anajilisha. Amoksilini humuua kwa kuzuia ukuta huo usijengwe. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo vidonge vya amoksilini vinavyonunuliwa kwa ajili ya mafua havipati kitu cha kushika. Kuviita vyote vijidudu kumewatoa watu fedha bure, na kumewapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa.

Ukubwa wa virusi hupimwa kwa nanomita, na nanomita milioni moja ndizo milimita moja. Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 hivi; vikipangwa 33,000 mstari mmoja, havifikishi milimita. Kirusi cha Ukimwi kina nanomita 120 hivi, cha mpox zaidi ya 200. Hadubini ya kawaida ya zahanati, ile inayotafutia malaria kwenye tone la damu, haiwezi kuvionyesha, kwa kuwa mawimbi ya mwanga wenyewe ni mapana kuliko kitu kinachotafutwa. Ilibidi ingojewe hadubini ya elektroni, mwishoni mwa miaka ya 1930.

Lakini virusi vilijulikana kabla havijaonekana, na cha kwanza kujulikana ni cha zao ambalo Lilongwe inalijua kwa harufu. Kila msimu marobota ya tumbaku hufika kwenye sakafu za mnada za Kanengo, kaskazini mwa jiji, mengine yakitoka mashamba ya Dowa. Tumbaku ina ugonjwa wa batobato: majani hutoka mabaka ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka, mmea hudumaa. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani yaliyougua kwa kichungio cha kauri chenye vitundu visivyopitisha bakteria, na maji yaliyopita bado yakaambukiza. Martinus Beijerinck alirudia jaribio hilo, na mwaka 1898 akasema kwamba kilichopita ni kitu cha namna nyingine kabisa, akakiita virusi. Mwaka 1935 Wendell Stanley akakigandisha kuwa fuwele, kama chumvi inavyoganda sufuriani. Kitu kinachoambukiza kama kiumbe hai na kuganda kama chumvi kiliwatatiza wataalamu kwa muda mrefu, na jibu lilipatikana kwa kutazama jinsi kilivyojengwa.

Kirusi cha batobato ya tumbaku ni fimbo ya urefu wa nanomita 300 na unene wa 18. Ndani mna utepe mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 6,395, umejizungusha kama springi. Protini 2,130, zote za aina moja, zimepangwa kuufuata utepe huo duru kwa duru, kama vidato vya ngazi ya mnara wa msikiti. Kila protini imekamata herufi 3. Hesabu inakubali: 2,130 mara 3 ni 6,390. Urefu wa fimbo, basi, umepimwa na utepe. Maandishi yakiwa mafupi, fimbo nayo huwa fupi. Mpangilio huu wa parafujo ndio mmoja wa mipangilio miwili mikuu ya ganda la virusi.

Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams, huko Berkeley, waliitenganisha fimbo hiyo: protini chombo kimoja, RNA chombo kingine. Walipozichanganya tena, fimbo zilijijenga zenyewe na zikaambukiza tumbaku. Hakukuwa na seli wala fundi, ila protini zenye umbo la kushikana na utepe wa kushikilia. Jaribio hilo linastahili kufundishwa kabla ya majina yote ya magonjwa, maana linaonyesha jinsi ganda linavyoweza kujengeka kutoka vipande vyake. Seli ikishatengeneza vipande vya kutosha, vipande huokotana.

Kwa nini vipande vya aina moja, vimerudiwa maelfu? Kwa sababu utepe ni mfupi. Maandishi yote ya kirusi cha polio ni herufi 7,440 hivi, yaani zisingejaza hata nusu ya makala hii. Utepe wa namna hiyo hauwezi kueleza ganda kubwa la kipande kimoja; unaweza kueleza tofali moja na kuliagiza mara nyingi. Francis Crick na James Watson walitoa hoja hiyo mwaka 1956, na wakaongeza kwamba matofali yanayofanana yakijifunga, yatatoa umbo la fimbo au umbo la tufe.

Tufe lenyewe linaweza kushikwa mkononi. Mpira wa miguu wa vipande vyeusi na vyeupe una vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita. Vya pembe sita peke yake hutandazika kama vigae vya sakafu, havijifungi. Vile vya pembe tano ndivyo vinavyoukunja mkeka hadi uwe mpira, na lazima viwe 12, mpira uwe mdogo au mkubwa. Ganda la kirusi, ambalo wataalamu huliita kapsidi, likiwa la umbo la tufe hufuata sharti hilohilo. Umbo lake ni ikosahedroni: nyuso 20 za pembetatu zinazokutana kwenye ncha 12. Mwaka 1962 Donald Caspar na Aaron Klug waliandika kanuni ya jinsi kapsidi inavyokuzwa kwa kuongeza pembe sita huku ncha zikibaki 12.

Kirusi cha polio ni ikosahedroni ndogo, na hakina utando juu yake. Ndicho pia kilichoitia Lilongwe katika habari za dunia. Tarehe 17 Februari 2022 Malawi ilitangaza mlipuko baada ya polio ya mwitu aina ya 1 kuthibitishwa kwa mtoto wa kike wa miaka 3 wa Lilongwe, aliyepooza Novemba 2021. Nchi ilikuwa haijaona polio ya mwitu tangu mwaka 1992. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa imethibitishwa kuwa huru na polio ya mwitu Agosti 2020.

Kapsidi ya polio ina protini 4, na kila moja ina nakala 60. VP1, VP2 na VP3 hutazama nje. VP4 imejificha ndani. Muundo wake, atomu kwa atomu, ulichorwa mwaka 1985 na kundi la James Hogle. Picha hiyo ilionyesha kwamba kila ncha kati ya zile 12 imezungukwa na bonde jembamba. Seli za utumbo na za neva za binadamu zina protini iitwayo CD155, na ncha ya protini hiyo hutumbukia ndani ya bonde kama ufunguo ndani ya kufuli. Ufunguo ukiingia, ganda hulegea, VP4 hutoka na kutoboa ngozi ya seli, na RNA hupenya. Mtoto asiye na chanjo anaweza kupita hatua hizo zote bila mama yake kujua, kwani kati ya watu 200 hivi walioambukizwa aina ya 1 ni mmoja tu anayepooza. Hiyo ndiyo sababu mtoto mmoja aliyepooza huhesabiwa mlipuko.

Kukosa utando kuna maana kubwa. Mafuta huyeyushwa na nyongo, huharibiwa na asidi ya tumbo, hukatwa na sabuni; protini iliyofungamana barabara huvumilia. Kirusi cha polio hupita tumboni kikiwa kizima, huzaliana utumboni, hutoka na kinyesi, na hukaa kwenye maji machafu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo hupendelea mahali ambapo vyoo ni vichache na bomba moja linangojewa na wengi. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kilomita 40 na kitu kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000. Mahali pa namna hiyo, kuhesabu vyoo na mabomba ni sehemu ya elimu ya virusi. Spiriti ya kupaka mikono haikifanyi mengi kirusi kilicho uchi kama hiki. Klorini hukiua. Maji yanayotiririka pamoja na sabuni hukiondoa kwenye ngozi kwa kukisukuma, hata kama hayakivunji, na kunawa kunabaki na faida yake yote.

Ugumu huohuo wa ganda ndio uliosaidia kukitambua. Mtoto anapopooza ghafla, huchukuliwa sampuli mbili za kinyesi, zikipishana saa 24 au zaidi, zikawekwa kwenye boksi la barafu. Za Lilongwe zilikwenda Afrika Kusini, kwenye maabara ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza. Huko maandishi yalisomwa, hasa kipande kinachoeleza VP1, chenye herufi 906. Kipande hicho hubadilika kwa kiasi cha herufi moja katika kila mia kwa mwaka, yaani herufi 9 hivi kila mwaka, na kwa hiyo hutumika kama saa. Anayejua herufi ngapi zimebadilika anajua kirusi kimesafiri miaka mingapi tangu kilipoonekana mara ya mwisho. Utepe wa Lilongwe ulikuwa ndugu wa utepe uliopatikana mkoa wa Sindh, Pakistani, Oktoba 2019. Miaka miwili ya kupita mwili hadi mwili, utumbo hadi utumbo, bila kuonekana, iliandikwa katika tofali moja la ganda.

Chanjo nazo hueleweka kwa ganda na utepe. Ile ya sindano ina virusi vilivyouawa kwa formalini: utepe hausomeki tena, ganda limebaki, na mwili hujifunza sura ya ganda. Ile ya matone mawili mdomoni ina virusi hai ambavyo utepe wao umebadilishwa herufi chache, baadhi zikiwa mwanzoni kabisa mwa utepe, kwenye sehemu inayoiambia ribosomu ianzie wapi kusoma. Seli za neva zinashindwa kuusoma vizuri utepe huo, huku utumbo ukilifahamu ganda na kujiwekea kinga palepale kirusi kinapopita. Kuanzia Machi 2022 matone hayo yalitolewa kwa duru kadhaa Malawi, Msumbiji, Tanzania na Zambia, na baadaye Zimbabwe. Mkoa wa Tete wa Msumbiji, ng'ambo ya mpaka, ulipata watoto 8 waliopooza mwaka huohuo. Mei 2024 mlipuko ulitangazwa kwisha Malawi na Msumbiji.

Rota, kirusi cha kuharisha cha watoto wachanga, nacho ni tufe lisilo na utando, ila kimevaa maganda matatu, moja ndani ya jingine, na kwa hadubini kinaonekana kama gurudumu lenye spoki. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la gurudumu. Utepe wake umekatwa vipande 11. Mtoto akiambukizwa na rota za aina mbili kwa pamoja, vipande vinaweza kuchanganyika na kuzaa aina ya tatu. Chanjo yake ilijaribiwa Blantyre na Afrika Kusini, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na Malawi ikaanza kuitoa kwa watoto wote Oktoba 2012.

Utando wa mafuta ni habari nyingine. Kirusi hakiwezi kuutengeneza. Huuchukua kwa seli. Kirusi kipya kinapomaliza kujengwa husukuma ngozi ya seli kutoka ndani, au ngozi ya chumba kimoja cha ndani ya seli, ngozi hutuna, hujifunga nyuma yake, na kirusi huondoka kimevikwa kipande cha nyumba kilimozaliwa. Kabla ya hapo kimeshaotesha juu ya kipande hicho vijiti vyake vyenyewe, na hivyo vijiti ndivyo vitakavyotafuta mlango wa seli ijayo.

Malawi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 2 Aprili 2020. Baada ya hapo ndoo zenye koki zilipangwa kwenye milango ya maduka, benki na ofisi za City Centre jijini Lilongwe, na kipande cha sabuni kando ya kila ndoo. Kilichotendeka kwenye mikono pale kinaweza kuelezwa kwa karibu. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia hujipenyeza katikati ya mafuta ya utando, kama patasi katikati ya mbao; vichwa huvutwa na maji. Utando hupasuka vipande vipande, kila kipande kimezungukwa na sabuni, vijiti vimeanguka, na utepe wa herufi 30,000 hivi umebaki uchi ndani ya povu. Hilo huhitaji muda na msuguano, ndiyo maana ikasisitizwa sekunde 20. Ndoo ile ilikuwa silaha kamili dhidi ya kirusi chenye utando, hata kwa yule aliyeidharau kwa urahisi wake.

Kwa sababu utando huharibika upesi nje ya mwili, virusi vyenye utando hupita kwa njia za karibu: pumzi, damu, shahawa, maziwa ya mama. Surua ndiyo mfano mkali kuliko yote wa pumzi. Kirusi chake kinaweza kungoja hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kwa mtu asiye na kinga muda huo unatosha sana. Mwaka 2010 Malawi ilipata wagonjwa wa surua zaidi ya laki moja. Ndani ya utando wake laini mna parafujo inayomkumbusha mtu ile ya tumbaku: utepe wa herufi 15,894, kila protini imekamata 6. Gawanya, hakuna kinachobaki. Herufi moja ikiongezeka au kupungua, utepe haunakiliwi vizuri.

Kirusi cha Ukimwi kina utando pia, na ndani yake kina kapsidi isiyo fimbo wala tufe. Ni pia, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama koni ya askirimu iliyofungwa juu. Imejengwa kwa protini 1,500 hivi zilizojipanga pembe sita pembe sita, na pembe tano zake ni 12 tu: 7 upande mnene, 5 upande mwembamba. Sharti la mpira wa miguu limetimizwa hata pale ambapo mpira umevutwa ukawa pia. Ndani mna nakala mbili za utepe wa RNA, na pamoja nazo vimeng'enya ambavyo seli haina au haiwezi kuvitoa: kimoja hugeuza RNA kuwa DNA, kingine huishona DNA hiyo katika jeni za seli. Cha tatu, kilichokwisha kufanya kazi kirusi kilipokuwa kinakomaa, ni cha kukata protini. Vijiti vya nje ni vichache, 14 hivi kwa kirusi, na vimefunikwa na sukari za binadamu, kiasi kwamba kingamwili huviona kama mali ya nyumbani. Uchache huo na kificho hicho ni baadhi ya sababu kubwa za chanjo ya Ukimwi kuwa ngumu kupatikana.

Tiba, kwa upande wake, imepata pa kushika karibu kila sehemu ya umbo hilo. Dolutegravir, ambayo Malawi iliiweka mstari wa mbele mwaka 2019 na ambayo maelfu huimeza kila siku Lilongwe na Dzaleka, hukizuia kile kimeng'enya cha kushona. Dawa mpya zaidi, lenacapavir, huingia kwenye ganda lenyewe. Hujibanza kati ya protini mbili za pia na kuikaza, hadi ishindwe kufunguka mahali inapopaswa kufunguka, na pia mpya zinazojengwa hutoka zimepinda. Katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa sindano ya dawa hiyo kila miezi 6, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Miaka mingi ya kuchora kapsidi, kazi iliyoonekana kuwa ya wachoraji tu, ilizaa sindano mbili kwa mwaka.

Mpox iko upande wa pili wa mizani. Iligunduliwa kwa binadamu mwaka 1970 huko Equateur, Kongo. Aina nyingine iliibuka Kamituga, Kivu ya Kusini, kuanzia mwaka 2023. Na Aprili 2025 Malawi nayo ikathibitisha wagonjwa. Kirusi chake kina umbo la tofali, utepe ni wa DNA yenye nyuzi mbili, herufi karibu 197,000, na humo ndani kimebeba vimeng'enya vyake vya kuanzia kazi bila kuingia kwenye kiini cha seli. Ganda la pembe tano na sita halionekani. Uso wake unafanana na wa ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977, na kwa hiyo chanjo ya ndui huufundisha mwili kuzitambua zote mbili.

Mpaka hapa kila kirusi kimekuwa na ganda. Kuna kimoja mashambani mwa Lilongwe na Dowa ambacho hakina, nacho kinastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa kinaonyesha kiasi gani ganda ni kitu cha safari tu. Ndicho cha ugonjwa wa rozeti ya karanga. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907, Tanganyika. Mmea wa karanga ulioupata hufupika, majani hujikusanya kama ua, huwa ya manjano au ya kijani kilichokolea, na ukiupata mapema hauzai hata ganda moja la kula. Msimu wa 1994/95 ulipoivamia Malawi ya kati, wakulima wengi walikatishwa tamaa na karanga.

Kituo cha utafiti cha Chitedze, magharibi mwa jiji, kimefanya kazi ya miaka mingi juu yake. Ugonjwa huu una washiriki watatu. Wa kwanza ni kirusi cha rozeti, utepe wa RNA wa herufi 4,000 na kidogo, unaojua kujinakili na kutembea kutoka seli hadi seli ndani ya mmea, lakini hauna hata mstari mmoja wa maelezo ya protini ya ganda. Wa pili ni kijiutepe cha herufi 900 hivi, kisichoweza hata kujinakili; humtegemea wa kwanza, na ndicho hasa kinachodumaza mmea na kuamua rangi yake. Wa tatu ni kirusi msaidizi, tufe dogo la nanomita 28 hivi, lenye protini nzuri za ganda. Msaidizi akiwa peke yake kwenye karanga haonyeshi dalili ya maana. Yeye ndiye mwenye koti.

Ndani ya seli moja ya jani watatu hawa hukutana. Msaidizi anajenga matofali yake ya protini yawe maganda, na baadhi ya maganda hayo hufungwa yakiwa na utepe wa rozeti na kijiutepe chake ndani. Kidukari, yule mdudu mweusi mdogo anayejazana kwenye machipukizi ya karanga, anaponyonya maji ya jani, humeza maganda. Anachokitambua mwilini mwake ni sura ya nje, na sura hiyo ni ya msaidizi. Huyapitisha hadi kwenye mate yake na kuyadunga kwenye mmea mwingine. Kidukari akidunga utepe wa rozeti bila msaidizi kuingia pamoja nao, mmea huo utaugua, lakini vidukari watakaounyonya hawataweza kuupeleka ugonjwa popote. Umefika bila koti la kuondokea.

Mkulima anaweza kuikata safari hiyo mahali pawili. Akipanda mapema mvua zinapoanza, na kwa kubananisha mistari, shamba hufunika udongo upesi, na vidukari wanaoruka hutua kwa uchache kuliko kwenye shamba lenye nafasi tupu. Mbegu ndiyo njia ya pili. Nsinjiro, iliyotolewa Malawi mwaka 2000, huuzuia utepe wa rozeti na kijiutepe chake, ingawa msaidizi bado huweza kuingia ndani yake na kukaa kimya. Baka, iliyofuata mwaka 2001, haimzuii mshiriki yeyote kati ya watatu. Vidukari hushindwa kuinyonya sawasawa kwenye mishipa yake, wakazaliana kidogo na kuhama mapema, na maganda waliyoyabeba mengi huishia ndani yao.